Vitu Kumi na Tisa Kitandani

Kwenye kiwanda cha kufulia nguo walimwita Mkunjo, na hawakukosea. Shuka la kitanda cha watu wawili, lile linalowashinda wengine mpaka waitane kushikiana ncha, yeye alilimaliza peke yake kabla hujahesabu kumi, pembe juu ya pembe, likatulia mezani kama kitabu ambacho hakijasomwa na mtu. Wenzake walidhani ni kipaji. Aliwaacha wadhani hivyo kwa miezi mitatu, kisha siku moja wakati wa chai akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja shule aliyosoma, kwamba alijifunzia gerezani, miaka minne na miezi miwili, na kwamba huko ukikunja vibaya unakunjua na kuanza upya mpaka askari aridhike au achoke.

Chai iliwapalia watu. Aliyesema wa kwanza ni mwanamke wa meza ya pili, mnene, mcheshi, asiye na kifua hata kidogo: ukimwambia jambo saa mbili, saa tatu limefika getini. Ndiyo maana walimwita Redio.

"Basi na mimi wanifunge hata wiki mbili," Redio akasema. "Mume wangu kila siku ananiambia sijui kukunja."

Wakacheka, vikombe vikaoshwa, kazi ikaendelea. Tangu siku hiyo Mkunjo na Redio wakawa chanda na pete.

Tuseme ukweli mapema, maana mwenyewe hapendi habari zake zipambwe. Hakuonewa na mtu. Alianza na vidonge vya maumivu alipovunjika mguu. Mguu ukapona, vidonge vikabaki. Vikafuata vikali zaidi, na baada ya hapo unga. Aliuza simu yake, akauza vyombo vyake, na dada yake mkubwa aliposafiri kwenda msibani, akauza cherehani ya dada, ile iliyokuwa ikiwalisha wote. Dada aliporudi, Mkunjo alimwambia wezi wamevunja dirisha, na wakalia pamoja, huku yeye ndiye aliyelivunja. Mwishowe alikubali kubeba mzigo wa mtu kwa malipo ya dozi za siku mbili, akakamatwa nao kabla hajavuka barabara. Ilikuwa mchana, saa ya kumchukua mtoto wake shuleni. Mtoto, msichana wa miaka sita, alisubiri mpaka mlinzi akaanza kufunga geti. Aliyekuja kumchukua ni dada mkubwa, na hakumrudisha tena kwa mtu.

Mkunjo alipotoka alikaa miezi minane katika nyumba ya waraibu wanaoacha, ndipo akapata kazi ya kiwandani na chumba kimoja, dirisha moja, choo cha nje. Mtoto alikuwa amefika miaka kumi na moja. Alikuwa na alama ndogo nyeusi shavuni, na kwa hiyo kila mtu alimwita Kidoti. Siku ya kwanza walipoonana Kidoti alimwamkia vizuri, akamletea kikombe cha maji ya kunywa juu ya kisahani, akasema, "Karibu maji, mama mdogo."

Hakusema kwa ubaya. Mtoto alimwita mama yule aliyemuuguza surua na kumsuka nywele, na mdogo wa mama ni mama mdogo, ndivyo alivyofundishwa. Mkunjo alikunywa yale maji yote. Alimaliza, akasema asante, akaenda kulia chooni, akarudi na uso umenawa. Dada mkubwa aliyaona macho yake.

Basi ikawa kila Jumamosi anakwenda kwa dada yake kumwona mtoto kwa muda wa saa mbili, kwenye kiti kilekile cha karibu na mlango. Dada alikuwa amepata cherehani nyingine, na saa zote mbili aliikalia hapohapo sebuleni, mguu kwenye kanyagio, jicho kwenye mkoba wake uliotundikwa ukutani. Mgeni akienda jikoni, cherehani ilisimama. Akirudi, ilianza tena. Mkunjo hakukasirika. Angekuwa yeye ndiye dada, mkoba ule angeulalia.

Alichoomba kilikuwa kimoja: Kidoti alale kwake usiku mmoja kwa wiki, Jumamosi kuamkia Jumapili. Alikiomba kwa miezi mitano. Dada alikataa kwa kusema "tutaona," kisha kwa kusema "mtoto ana mitihani," na mwisho kwa kusema basi, aje afisa wa ustawi akione hicho chumba. Afisa huyo, mama wa makamo mwenye faili na viatu vya kutembelea, mtaani walimwita Bibi Ustawi. Yeye alisema atakuja Jumamosi saa nne asubuhi pamoja na mlezi na mtoto mwenyewe, na kwamba mlezi akiridhika, yeye atasaini palepale. Mlezi asiporidhika, watazungumza tena mwakani.

Mwakani! Kwa mtu aliyekwisha kukosa kuona meno ya kwanza ya mtoto wake yaking'oka na mapya yakiota, mwakani ni mbali sana.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi, siku mbili kabla.

Alhamisi kiwandani ni siku ya makoti meupe ya zahanati. Kabla koti halijaingia kwenye mashine mifuko yote lazima igeuzwe, maana kalamu moja ya wino inatosha kuharibu mzigo mzima. Vimewahi kutoka humo pipi, funguo, hata barua ya mapenzi ambayo Redio aliisoma kwa sauti mara mbili, ya pili kwa maombi ya watu. Alhamisi hiyo, kwenye mfuko wa ndani wa koti la tatu, vidole vya Mkunjo viligusa karatasi ya vidonge. Hakuhitaji kuangalia. Aliangalia hata hivyo. Vilikuwa sita, vilevile vya mwanzo, vya mguu.

Mashine zilikuwa zikinguruma. Msimamizi alikuwa nje anapokea mzigo, Redio amempa mgongo. Mkunjo akafumba ngumi.

Tusidanganyane, alivitaka. Mate yalimjaa, na ile akili yake ya zamani, yenye maneno kuliko wakili, ikaanza kumweleza kwamba kimoja tu ni cha mgongo, na mgongo kweli unauma, na kusimama saa tisa kila siku si mchezo, na nani atajua. Alisimama na ngumi yake mpaka mashine namba mbili ikamaliza kusuuza na kuanza kukamua. Kisha mkono ukapanda juu wenyewe, umenyooka kama wa mtoto wa darasa la kwanza, na sauti ikamtoka: "Nimeokota!"

Ndivyo ilivyokuwa huko alikotoka. Ukiokota kitu chochote, hata kifungo cha shati, unainua mkono na kupiga kelele mbele ya mashahidi, kabla hujahesabiwa kuwa umekiiba. Kiwandani hakuna aliyewahi kuona kituko hicho. Watu waligeuka na nguo mikononi. Msimamizi aliingia mbio akidhani kuna aliyeungua, akavichukua vile vidonge, akavitia kwenye bahasha ili virudishwe zahanati.

"Sawa," akasema. "Shusha mkono basi." Maana mkono ulikuwa bado juu.

Katika nyumba ya waraibu walifundishwa kutolala na siri ya namna hiyo. Lazima siku hiyohiyo umwambie mtu mmoja. Mkunjo hakuwa na mtu wa kumwambia ila Redio, yaani ni sawa na kubandika tangazo. Akamwambia wakati wa chai. Redio aliweka kikombe chini.

"Ulikaa navyo kiasi gani?"

"Mpaka mashine namba mbili ikaanza kukamua."

"Mama yangu." Redio akasogea karibu. "Sasa nisikilize mwenzangu. Jumamosi usilitaje hili. Wakikuuliza, sema hujagusa kitu tangu utoke. Umemeza?"

"Sijameza."

"Basi yamekwisha."

"Lakini nilivitaka."

"Kutaka! Mimi nataka mambo mangapi? Ukimwambia yule dada yako kwamba ulivitaka, mtoto humpati. Nakwambia humpati. Funga mdomo."

Mimi nimeuliza kwa watu wa kiwandani baadaye, na nimethibitisha: habari hiyo Redio hakumwambia mtu. Wiki nzima. Wenzake walidhani anaumwa.

Jumamosi Mkunjo aliamka alfajiri. Alipiga deki mara mbili, akafuta kioo cha dirisha kwa gazeti, akabadilisha shuka. Kufikia saa tatu kazi ilikuwa imekwisha na mikono haina pa kwenda. Alikaa, akasimama. Alinyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Na hapo, bila kukusudia, mikono ikaanza kufanya ile kazi iliyoijua kwa asubuhi ya siku ambayo wakubwa wanakuja.

Alichukua kila kitu chake na kukipanga kitandani kwa mistari. Sahani mbili, vikombe viwili, vijiko viwili. Sufuria na kisu. Blanketi, limekunjwa mara nane. Taulo, sabuni, mswaki, chanuo. Kandambili, soli zimeoshwa, juu ya gazeti. Gauni la kutokea, sketi, blauzi, sare ya kazi. Mwisho kabisa, kwenye kona, mswaki mpya mdogo wa rangi ya waridi, bado umo kwenye pakiti yake. Vitu kumi na tisa. Gerezani idadi yako iliandikwa kwenye karatasi, kando ya namba yako ya mfungwa, na kikipungua kimoja una kesi, kikizidi kimoja una kesi kubwa zaidi, maana umekitoa wapi? Alihesabu mara tatu. Kisha akasimama miguuni pa kitanda, visigino pamoja, mikono ubavuni, akangoja. Na ukimuuliza leo alikuwa anawaza nini, atakwambia hakuwaza kitu, na kwamba alikuwa na amani.

"Hodi!" Sauti ya dada mkubwa.

"Karibuni."

Mlango haukufunguka. Gerezani, miaka minne, mtu hafungui mlango; mlango hufunguliwa na mwenye ufunguo.

"Hodi jamani!"

"Karibuni."

"Unatukaribisha huku umetufungia?" Dada alisukuma, na mlango, ambao haukufungwa hata kwa komeo, ukafunguka wote. Aliingia yeye kwanza, mkoba umebanwa kwapani, nyuma yake Bibi Ustawi na faili lake, nyuma kabisa Kidoti na begi la shule mgongoni.

Ni lile faili, kama la wakubwa wa ukaguzi gerezani. Mkunjo alipoliona faili, kidevu kikapanda na mdomo ukafunguka.

"Namba mia tatu arobaini na saba. Vitu kumi na tisa."

Bibi Ustawi, ambaye kwa miaka yake kazini amekwisha kuona mengi, aliinamia faili lake kama mtu anayetafuta ukurasa. Dada mkubwa alitazama kitanda, akatazama zile soli za kandambili zilizooshwa, akamtazama mdogo wake aliyesimama wima kama kigingi ndani ya chumba chake mwenyewe. Ndipo Mkunjo akatambua alichosema. Aibu ilimwakia mpaka masikioni, na kibaya zaidi hakujua aanze kusogeza mguu upi.

"Kaa, mama," Bibi Ustawi akasema kwa upole. Lakini pa kukaa palikuwa ni hapo kitandani, na kitanda kimejaa. Wote wakabaki wamesimama.

Maswali yalikuwa ya kawaida. Choo wanatumia watu wangapi, maji yanatoka siku zipi, kazini anatoka saa ngapi. Akajibu. Bibi Ustawi akaandika, akageukia upande wa pili.

"Mlezi una la kuuliza?"

"Ninalo." Dada hakuzungusha maneno. "Mara ya mwisho kuvishika vile vitu vyako ni lini? Na leo usinipe hadithi."

Hapo ndipo penyewe. Mkunjo alimsikia Redio masikioni kama amesimama naye: funga mdomo, yamekwisha. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo na tayari, amewahi kusema mkubwa kuliko huo huku anatabasamu. Alimtazama Kidoti, aliyekuwa anakitazama kitanda.

"Juzi," akasema. "Alhamisi."

"Si nilisema!" Dada alimshika Kidoti mkono. "Si nilikwambia, mama? Tumekuja kupoteza muda hapa. Twende."

"Mwache amalize," Bibi Ustawi akasema.

Akamaliza. Aliwaeleza koti la tatu, mfuko wa ndani, vidonge sita, ngumi, na mashine namba mbili. Aliwaeleza mkono ulivyopanda. Hakulia, na alisema kwa mpangilio, kama mtu anayekunja.

"Sikumeza, dada. Muulize msimamizi. Lakini nilivitaka, na nilikaa navyo mkononi. Ukiniuliza tena mwezi ujao huenda nikakwambia nilivitaka tena. Ndiyo hali yangu."

Dada mkubwa alikuwa ameuachia mkono wa mtoto bila kujua. Kwa miaka yote ile alikuwa amesikia wezi, dirisha, simu imedondoka majini, mshahara umechelewa, ninaapa kwa kaburi la mama. Hadithi zote zilikuwa nzuri, na kila moja ilimwacha msimuliaji akiwa safi. Hii ya leo ilikuwa ya kwanza kumchafua msimuliaji. Dada alikuwa na hasira bado, tena nyingi, ila alikosa mahali pa kuielekeza.

"Wewe ndiye mlezi," Bibi Ustawi akamwambia. "Bila neno lako mimi siandiki."

Dada alitazama dirisha, ukuta, kila mahali ila usoni kwa mdogo wake. Mkunjo akaanza kujiambia moyoni: mwakani, mwakani si mbali, nimengoja zaidi.

"Huu ni wa nani?" Kidoti aliuliza. Alikuwa ameinama juu ya kona ya kitanda, kidole kwenye pakiti ya mswaki.

"Wako," Mkunjo akasema.

"Sasa mama mdogo, mimi nitalala wapi? Mbona hapa umejaza vitu?"

Kidoti hakungoja jibu. Alivua begi la shule, akalifungua, na humo hamkuwa na daftari hata moja. Akatoa gauni la kulalia la maua, akalikunja mara mbili, vibaya, mkono mmoja ukining'inia, akaliweka mwisho wa mstari, pembeni ya mswaki.

"Ishirini," akasema.

Mkunjo alimtazama Bibi Ustawi kwa woga, upesi, ni mazoea tu. Bibi Ustawi alikuwa ametoa kitambaa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Hilo gauni umelibeba saa ngapi?" dada mkubwa akauliza.

"Asubuhi. Ulipokuwa unaoga."

"Na nani alikwambia utalala?"

"Hakuna."

Dada alivuta pumzi ndefu, akamtazama mdogo wake usoni, mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti ni ileile ya kugomba.

"Haya andika, mama, andika tuondoke. Kesho saa sita nitakuwa hapa. Si saa sita na robo. Na wewe, mtoto huyu asipokula asubuhi anaumwa tumbo, usije ukaniletea mambo." Akashika sahani mbili za mstari wa juu, akakosa mkono wa kushikia vikombe. Akasonya, akaushusha mkoba wake kutoka kwapani, akauweka sakafuni karibu na mlango, miguuni pa mdogo wake, na kurudi kwenye vikombe. "Hivi vinakaa wapi?"

Mkunjo aliuona mkoba pale chini. Aliuruka kwa uangalifu, akaja kitandani, na kwa kuwa machozi yalikuwa yamemzuia kuona, hakukunja kitu. Alikusanya blanketi, kandambili, sufuria, sare ya kazi, akavisukuma vyote chini ya kitanda hivyohivyo vilivyo, ovyo ovyo, mpaka kitanda kikabaki na mswaki na gauni la maua, na Kidoti akapanda akakaa.